Walimu, tuyajibu mashairi ya wanafunzi wetu

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii aghalabu hutumiwa na wanasiasa wanapoomba kura na wenyeviti wa harambee wanapoomba michango. Leo naomba kuitumia mahali ambapo haijazoeleka, yaani katika utunzi wa mashairi. Tumezoea kumdhania malenga kuwa mtu wa upweke, anayejifungia chumbani kwake na kuungoja ulimi umfunguke. Dhana hiyo, kwa maoni yangu, inaua vipaji vingi katika shule zetu, na kosa linalozaliwa nayo nimewahi kulitenda mimi mwenyewe.

Mwaka 1997 nilikuwa mwalimu chipukizi wa Kiswahili katika shule moja ya upili mjini Thika. Siku moja msichana wa kidato cha pili, mtoto wa mchuma kahawa wa huko Ruiru, aliniletea shairi la beti sita alilolitunga bila kuagizwa na mtu. Lilimhusu mama yake aliyekuwa amelazwa hospitalini. Nililisoma jioni hiyo nikiwa na rundo la madaftari mbele yangu. Nilihesabu mizani kwa vidole, nikapigia mstari vina vya kati vilivyopotoka katika ubeti wa tatu, nikaandika pambizoni kwamba kibwagizo hakitoshelezi, kisha nikatia alama: 11 kwa 20. Asubuhi nilimrudishia daftari lake nikiamini kwamba nimetimiza wajibu wangu. Hakuniletea shairi jingine hadi alipomaliza kidato cha nne.

Miaka minne iliyopita nilikutana naye katika kituo cha matatu cha Ruiru, mtu mzima na mama wa watoto wawili. Tulijuliana hali kwa furaha. Nikamwuliza, kama walimu tunavyopenda kuuliza, iwapo bado anatunga. Akatabasamu kidogo, akasema: "Mwalimu, mizani ulizihesabu zote. Lakini hukuniuliza kama mama alipona."

Nilishikwa na haya. Nikamwuliza papo hapo, nikiwa nimechelewa kwa zaidi ya miaka ishirini. Akaniambia mama yake hakurudi nyumbani.

Msomaji mpenzi, sitaki kudai kwamba mizani si kitu. Mimi ni mmoja wa wale wanaoamini kwamba arudhi ni nguzo ya ushairi wetu, na kila muhula huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba Sheikh Amri Abedi hakupoteza wakati wake alipotuandikia sheria za kutunga mashairi katika kitabu kilichotoka mwaka 1954. Ninachosema ni kwamba shairi ni usemi, na mwenye kusema hungoja kujibiwa. Mtu akibisha hodi mlangoni pako, nawe ukafungua tu dirisha, ukamweleza kwamba shati lake halina kifungo kimoja kisha ukafunga, utakuwa umesema kweli tupu, lakini mgeni hatabisha tena.

Wakulima wa huku kwetu wanaweza kutufundisha jambo hili kwa mfano wa kahawa. Ruiru ni mji wenye sifa katika zao hilo. Hapo ndipo penye kituo cha utafiti kilichoipatia nchi yetu mbegu ya Ruiru 11 katika miaka ya 1980. Sasa, mkulima akiambiwa kwamba kahawa yake ni ya daraja la AA, ameelezwa ukubwa wa punje. Hajaelezwa ladha yake. Ili ladha ijulikane, lazima aje mwonjaji na kijiko chake, apige funda, aizungushe kahawa kinywani, kisha aseme kama ina uchachu wa kupendeza, kama ni nzito au nyepesi, na kama ilichachuka kupita kiasi ilipokuwa ikiloweshwa. Mkulima anayeletewa habari hiyo atajua la kufanya msimu ujao. Alama ninazotia kwenye daftari ni daraja la punje. Swali langu ni hili: nani katika shule zetu anayeonja?

Ukweli ni kwamba mfumo wetu wa mitihani haujatusaidia sana. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa kwa kuja kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, maelfu kwa maelfu ya vijana wamesoma ushairi. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini tazama maswali tuliyozoea kuwauliza: taja bahari ya shairi hili, onyesha jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake, andika ubeti wa nne kwa lugha ya nathari. Mwanafunzi hufundishwa kulichana shairi kama daktari achanavyo maiti. Ni nadra aulizwe yeye binafsi ana neno gani la kumwambia huyo aliyelitunga. Na anapotunga lake, hakuna mwenzake anayeulizwa pia.

Wala utamaduni wa kujibizana si mgeni kwetu, tuambiwe kwamba tunauagiza kutoka ng'ambo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karibu na mwaka 1840, hakutunga kwa kujisemea. Katika siku za uhasama baina ya Mombasa na Lamu, tungo zake zilivuka bahari zikamfikia Zahidi Mngumi wa Lamu, na majibu yakarudi. Mshairi alijua kwamba neno lake likiwa legevu litashikwa na kurudishwa kwake mbele ya mji mzima. Hakuna mtihani uliokuwa mkali kuliko huo, na hakuna uliomnoa mtu zaidi.

Tena, walimu wenzangu, mkumbukeni mtu aliyetuhifadhia Muyaka. Alikuwa mwalimu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa ndiye aliyezikusanya tungo hizo miongo mingi baada ya mtunzi kufariki, akazieleza maana pamoja na visa vilivyozizaa, akishirikiana na mmishonari William Taylor. Diwani yenyewe ilikuja kuchapishwa mwaka 1940. Lau Sikujua angaliridhika kusema kwamba mashairi yale ni matamu na kupita zake, leo tungekuwa na jina la Muyaka bila sauti yake.

Baadaye magazeti yaliupokea utamaduni huo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi ukurasa, na humo watu wa miji iliyo mbalimbali walitupiana mafumbo na majibu bila kuonana uso kwa uso. Nasi katika Kenya tumelelewa na kurasa za namna hiyo. Wako walimu wenye mvi leo waliojifunza kutunga kwa kusubiri gazeti wiki hata wiki, waone kama kuna aliyewajibu.

Huenda msomaji wa Thika akasema kwamba hayo ni mambo ya pwani. La hasha! Hapa hapa katika nchi ya Wagĩkũyũ kulikuwa na gĩcaandĩ. Huu ulikuwa ushairi wa mafumbo ulioimbwa kwa kupokezana, kila mwimbaji akiwa na kibuyu chake kilichochorwa alama na kutiwa mbegu za kulia. Mmoja alitupa fumbo, mwenzake akalifumbua na kutupa lake, na watu wamewazunguka wakisikiliza. Aliyeshindwa kujibu alipokonywa kibuyu. Padri Vittorio Merlo Pick alikusanya mafumbo hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1973. Ushairi huo haukuweza kuimbwa na mtu asiye na wa kumjibu, na kunyamaza ndiko kulikokuwa kushindwa.

Tusonge mbele kidogo. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, katika kaunti hii hii ya Kiambu, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda wakaipeleka kwa wanakijiji iigizwe. Mazoezi yalifanywa uwanjani, wazi kwa kila mpita njia. Basi wakulima na wafanyakazi wa viwandani hawakukaa kupiga makofi tu. Waliwakosoa. Walisema kwamba mzee mwenye heshima zake hawezi kuzungumza vile alivyoandikiwa, wakaeleza ni methali zipi zinazomfaa. Waandishi wale walikuwa wasomi wakubwa, lakini walisikiliza na kurekebisha. Tamthilia ilionyeshwa mwezi wa Oktoba, ikapigwa marufuku mwezi wa Novemba, na kabla ya mwaka kuisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Alipelekwa gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru yetu. Humo, juu ya karatasi za chooni, aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ iliyotoka mwaka 1980. Na msimulizi aliyemteua katika riwaya hiyo ni nani? Ni mwimbaji wa gĩcaandĩ. Mwandishi aliyetengwa na watu alimchagua msimulizi ambaye kazi yake haiwezekani bila watu. Ngũgĩ alituaga mwezi wa Mei 2025, na katika maombolezo yale mimi nilikumbuka zaidi uwanja ule wa mazoezi, ambapo mzee asiyejua kusoma aliweza kumsahihisha profesa.

Sasa nirudi kwetu. Baada ya kukutana na yule mwanafunzi wangu wa zamani sikupata usingizi mzuri kwa siku kadhaa. Hatimaye nilimwendea mwalimu mwenzangu anayefundisha Ruiru, nikamweleza yaliyonisibu. Tukakubaliana jambo dogo lisilohitaji bajeti. Tulinunua daftari moja nene la kurasa 200. Kila Ijumaa mmoja wetu hupanda matatu kulipeleka kwa mwenzake, juma hili Thika, juma lijalo Ruiru. Wanafunzi wa shule zote mbili huandika mashairi yao humo kwa hiari. Sharti ni moja tu: hakuna anayeruhusiwa kuandika shairi lake jipya kabla ya kulijibu la mwenzake.

Nisiwafiche, wiki za kwanza zilikuwa za kuvunja moyo. Kila jibu lilisema: "Kongole, shairi lako ni tamu." Ni jibu lile lile ambalo siku hizi hutolewa kwa simu kwa kijipicha cha mikono inayopiga makofi. Sifa za namna hiyo hazimgharimu mtoaji na hazimfaidi mpokeaji. Mtunzi hawezi kujua kama shairi lake limesomwa au limepitiwa tu juu juu.

Mambo yaligeuka kwa ajili ya nanasi. Mvulana mmoja wa Ruiru alitunga shairi la kuusifu mji wa Thika, na katika ubeti wa pili akalieleza nanasi linalong'aa likining'inia mtini. Juma lililofuata msichana wa Thika, ambaye baba yake ni kibarua katika mashamba ya mananasi, alimjibu kwa beti mbili za vina vile vile. Alimweleza kwa upole kwamba nanasi halining'inii popote. Huota karibu na ardhi, katikati ya majani makali kama misumeno, na mikono ya baba yake ina makovu ya majani hayo. Mvulana alisoma, akanyamaza wiki mbili, kisha akaliandika upya shairi lake lote. Lile la kwanza lilikuwa sifa za kadi ya posta. La pili lilikuwa na mtu ndani yake. Nami nilitambua kwamba hata ningalifundisha miaka kumi, nisingaliweza kuandika pambizoni neno lililolingana na jibu la mtoto yule wa kibarua.

Tangu hapo hata wale wanyamavu walianza kujitokeza. Niligundua kwamba kijana anayeogopa kutunga haogopi sana kujibu, kwa sababu jibu limekwisha kupewa mahali pa kuanzia: bahari ipo, vina vipo, mada ipo. Anachotakiwa kuleta ni neno lake. Na hapa ndipo ninapowajibu wale wahifadhi wenzangu wanaohofia kwamba mambo haya yataidhoofisha arudhi. Mtu anayejibu kwa vina vya mwenzake hulazimika kuvitafuta, kuvipima na kuvitunza. Wanafunzi waliokuwa wakikariri maana ya ukwapi na utao bila kuelewa, sasa hugombana juu ya mizani saba na nane kama wachuuzi wagombanavyo juu ya ratili.

Hata hivyo, jahazi letu limewahi kupigwa na mawimbi. Muhula mmoja kijana fulani aliandika jibu la kumdhihaki mwenzake, akisema kwamba Kiswahili chake kinanuka sheng na kwamba afadhali auze njugu stendi. Aliyedhihakiwa hakuonekana chamani kwa wiki tatu. Kosa lilikuwa letu sisi walimu, maana tulifungua uwanja wa mapambano bila kuweka mipaka. Hata wazee wa zamani waliopigana kwa mafumbo walikuwa na kanuni zao.

Jambo lililonigusa zaidi lilinifika mimi binafsi. Wanafunzi walidai kwamba nami niandike. Nikatunga beti saba juu ya mto Chania, nikazitia maneno mazito ya kikale niliyoyachimbua kamusini. Binti mmoja wa kidato cha kwanza akanijibu: "Mwalimu, nimelisoma mara tatu, na bado sijui kama umewahi kuuona huo mto." Nilihisi joto masikioni. Kwa dakika chache nilitamani kumwonyesha nani mwalimu na nani mwanafunzi. Kisha nikakumbuka kituo cha matatu cha Ruiru, nikachukua kalamu na kumwandikia kwamba ana haki. Jumamosi iliyofuata nilitembea hadi mtoni, nikakaa juu ya jiwe karibu na maporomoko, nikatazama maji. Yalikuwa na rangi ya udongo, na chupa za plastiki zilikuwa zikizunguka mahali pamoja bila kupata njia. Katika beti zangu saba sikuwa nimeandika lolote kati ya hayo.

Kutokana na safari hiyo yetu fupi, naomba kuwashauri walimu na wanafunzi mambo machache. Kwanza, anayejibu shairi aanze kwa kueleza kwa maneno yake alichokisikia. Ikiwa alichosikia sicho alichokusudia mtunzi, hilo peke yake ni uhakiki wa kutosha. Pili, aonyeshe mshororo mmoja uliomshika na mmoja uliomponyoka, na aseme ni kwa nini. Tatu, aulize swali moja la dhati. Nne, maneno yake yalihusu shairi, yasimhusu mshairi, wala sura, kabila au lafudhi yake. Tano, atie sahihi, kwani jibu lisilo na mwenyewe ni sawa na jiwe lililotupwa usiku. Mwisho, mtunzi awe na haki ya kukataa ushauri. Shairi ni lake. Anachodaiwa ni kusikiliza.

Kwa walimu nina neno la ziada. Msimamie jambo hili lakini msilimiliki. Mkitia alama kwenye daftari la kujibizana, mtakuwa mmeligeuza kuwa mtihani mwingine, na watoto watawaandikia nyinyi badala ya kuandikiana. Na mwandike pia, mjibiwe. Mwalimu asiyekubali kukosolewa na kijana wa kidato cha kwanza hawezi kumfundisha kijana huyo namna ya kupokea kosa lake.

Najua wapo watakaosema kwamba muda haupo, kwamba silabasi ni ndefu na mitihani inabisha hodi. Sipingi. Lakini daftari letu halijala kipindi hata kimoja cha darasani. Husomwa saa ya chamcha na jioni baada ya michezo. Wengine watasema kwamba malumbano huzaa ugomvi. Nami nasema kwamba vijana wetu watalumbana tupende tusipende, katika matatu, mitaani na majira ya kampeni. Ni heri wajifunze wangali shuleni kumpinga mtu kwa hoja na vina, naye arudi kesho kuketi nao.

Daftari la kwanza limejaa, nasi tumenunua la pili. Mwezi uliopita nilimwomba yule mwanafunzi wangu wa zamani wa Ruiru aandike humo shairi lile la mama yake. Alisema daftari lake la shule lilipotea zamani na beti nyingi amezisahau, lakini ubeti wa tatu anaukumbuka, ule wa vina vilivyopotoka. Akauandika. Wanafunzi 9 wamekwisha kumjibu, na wa kwanza wao alianza kwa kumwuliza mama yake alikuwa akiitwa nani.

Mwalimu mwenzangu, huenda jioni ya leo una rundo la madaftari mezani. Kabla hujaichukua kalamu nyekundu, hebu tafuta humo shairi moja, ulisome hadi mwisho, umwandikie mtunzi wake swali. Mizani utazihesabu baadaye.